Kujijengea nyumbani inveta ya mota ya fezi tatu: hatari iko wapi hasa?

Mkerezaji wa Kahawa West:

Wadau, nawasalimu. Mwezi uliopita nilinunua lethi kuukuu, yaani mashine ya kukerezea chuma, kutoka karakana moja iliyokuwa ikifunga kazi kule Industrial Area, na sasa imo katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ninayopanga. Mashine yenyewe ni nzima, ila mota yake ni ya fezi tatu, kilowati 2.2, yaani hospawa 3, nami nyumbani nina fezi moja tu ya volti 240 inayopitia mita ya tokeni. Kibao cha mota kimeandikwa volti 240/415 na ampea 8.4/4.9.

Najua kwamba dukani kuna inveta zinazopokea fezi moja na kutoa tatu, tena zinazodhibiti mwendo wa mota. Hata hivyo nimeazimia kuijenga yangu mwenyewe. Nimeshakusanya transista sita za IGBT, yaani swichi za elektroniki za mkondo mkubwa, nilizozing'oa katika mashine mbovu za kuchomelea, kapasita nne za mikrofaradi 470 na volti 400 kutoka UPS zilizotupwa, chipu tatu za IR2110 za kuendesha mageti (pini za kuamrisha transista) ambazo nilizipata Luthuli Avenue, pamoja na Arduino Uno, kile kibao kidogo cha kuendesha programu. Osiloskopu ninayo, ya mitumba lakini inasoma vizuri. Uzoefu wangu ni wa kutengeneza vidhibiti chaji vya sola vya volti 12 na kurekebisha redio na amplifaya.

Rafiki yangu ambaye ni fundi wa umeme wa majumba aliniambia niache kabisa, lakini nilipomtaka anieleze sababu hakuwa na jingine ila kwamba nitakufa. Jibu hilo halikuniridhisha, kwa kuwa umeme wa soketi ninaishi nao kila siku. Naomba mnijuze: ni jambo gani hasa linaloifanya kazi hii iwe ya hatari kuliko kufunga nyaya za nyumba, na je, mtu mwangalifu anaweza kulidhibiti?

Fundi Viwandani:

Ndugu yangu, nimerekebisha vidhibiti vya mota katika viwanda vya hapa Nairobi kwa miaka mingi, na nimewahi kujenga viwili vyangu mwenyewe, kwa hiyo sitakuambia kwamba haiwezekani. Rafiki yako amesema kweli, ila sababu hakuzitaja, nami nitajaribu kuzitaja kwa kutumia vifaa ulivyoviorodhesha wewe mwenyewe.

Anza na kapasita. Volti 240 za soketi ni wastani tu. Kilele cha wimbi lake ni volti 340 hivi, na dayodi zikishaunyoosha umeme huo kuwa wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, kapasita zako hujaa hadi kwenye kilele hicho. Nne za mikrofaradi 470 zikiunganishwa sambamba ni mikrofaradi 1,880, na kwa volti 340 zinabeba takribani juli 109 za nishati. Mashine ya hospitali ya kuushtua moyo hutoa kati ya juli 150 na 360, na daktari huitumia kwa kuchagua wakati na mahali pa kuigusisha, jambo ambalo kapasita haitalifanya. Huu ndio utofauti wa kwanza na nyaya za nyumba: ukiizima swichi kuu, waya wa ukutani umekufa papo hapo, lakini kapasita inaendelea kuwa hai juu ya meza yako ilhali taa zote zimezimika na plagi iko mkononi mwako. Ukiweka rezista ya kilo-omu 47 ya kumwaga chaji, ambayo lazima iwe ya wati 5 kwa kuwa itakuwa ikila karibu wati 2.5 wakati wote, utahitaji kama dakika tatu ili kushuka kutoka volti 340 hadi 50. Rezista hiyo ikikatika, hakuna dalili yoyote itakayokuonya. Kwa hiyo sisi huweka mbili, kisha tunapima kwa multimita kila mara kabla ya kugusa, na multimita yenyewe tunaijaribu kwanza kwenye chanzo tunachokijua, kwa maana mita yenye betri iliyokwisha nayo inaweza kukudanganya.

Jambo la pili ndilo linalowashika wengi waliotoka kwenye volti 12, na naomba ulisome polepole. Katika vifaa vyako vya sola, waya hasi ni sifuri, unaushika kwa mkono na kuuita ardhi. Katika inveta inayolishwa moja kwa moja kutoka soketi, waya hasi wa upande wa DC si ardhi. Dayodi zinauunganisha na laivu katika nusu ya kila wimbi, kwa hiyo ukilinganishwa na sakafu unayoisimamia unashuka hadi volti 340 chini ya sifuri, mara 50 kila sekunde. Sasa tazama IR2110 zako. Hizo ni chipu nzuri, lakini hazitenganishi umeme; upande wake wa mantiki unakaa kwenye waya ule ule hasi. Maana yake Arduino yako yote itakuwa laivu, na siku utakapochomeka kebo ya USB ili ubadilishe namba moja tu katika programu, laptopu yako nayo itakuwa laivu. Ikiwa chaja yake ina waya wa ethi, kitu kitalipuka. Ikiwa inatumia betri, haitalipuka, bali itakungoja uiguse.

Osiloskopu ni hadithi ya namna hiyo hiyo. Kile kibanio cheusi cha kamba yake ya kupimia kimeunganishwa na ethi ya plagi. Nilipokuwa bado kijana katika kazi hii nilikibana kwenye waya hasi wa DC kwa mazoea tu. Nikaona mwanga wa buluu, nikasikia mlio kama wa fataki, na ncha ya kamba ikabaki imeungua hadi shaba ikatiririka. Mzee mmoja wa karakana akanishauri nikate pini ya ethi kwenye plagi ya osiloskopu, ushauri ambao utausikia hadi leo, nao ni mbaya kuliko kosa lenyewe, kwa sababu kuanzia hapo bodi nzima ya chuma ya osiloskopu na kila kitufe cha chuma kilichoko usoni pake hubeba volti za saketi bila mlio wala mwanga. Chombo cha kufaa ni kamba inayopima tofauti ya volti kati ya ncha zake mbili, ile yenye kisanduku katikati na iliyotengenezwa kwa volti za namna hii. Ikiwa huwezi kuinunua au kuiazima, basi huna njia salama ya kuona kinachoendelea kwenye mageti ya juu, na inveta usiyoweza kuipima hutaweza kuitengeneza ikiharibika.

Bi. Koili:

Namuunga mkono Fundi Viwandani, lakini kuna upande ambao hajaufikia. Mimi nasuka upya mota kule Kariobangi Light Industries, na vidhibiti vinavyoletwa kwangu vikiwa vimeungua vimenifundisha namna transista zinavyokufa.

Katika kila mguu wa inveta kuna transista mbili zilizopangana, ya juu na ya chini, na hazipaswi kuwaka pamoja hata kwa nukta. Zikiwaka pamoja, chaji yote ya kapasita inapita kati yao bila kizuizi. IGBT nyingi zilizoundwa kuvumilia hali hiyo huvumilia mikrosekunde 10 tu, na nyingi zinazotumika katika mashine za kuchomelea hazikuundwa kuivumilia hata kidogo, kwa kuwa zilichaguliwa kwa kasi. Ndiyo maana huwekwa muda wa kusubiri wa mikrosekunde moja au mbili kati ya kuzima moja na kuwasha nyenzake. Chipu ya Arduino Uno haina saketi ya ndani ya kuhakikisha muda huo. Utautegemea msimbo wako mwenyewe, na msimbo hukwama, hujianzisha upya, au hukatizwa na kazi nyingine wakati usioutarajia. Mikrokontrola za STM32 zina taima maalumu inayoingiza muda huo kwa maunzi, pamoja na pini inayozima mapigo yote ya kuwashia transista mara moja bila kuisubiri programu. Ukiamua kujenga, anzia hapo.

Tena, fikiria kile kipindi ambacho chipu inaamka na pini zake bado hazijapewa kazi. Kila ingizo la kuamrisha geti linahitaji rezista ya kulivuta chini, la sivyo inveta itajiamulia yenyewe. Niliwahi kuletewa kidhibiti alichokijenga kijana mmoja, na kilichomponza hakikuwa hesabu wala lehemu. Alisimamisha programu katikati ili asome thamani fulani kwenye kompyuta, mapigo yakagandia palipokuwa, na DC ikamiminika katika koili za mota hadi vanishi ikatoa moshi.

Transista ikifa, kwanza hugeuka waya mtupu, kisha mkondo huyeyusha nyuzi za ndani na plastiki yake hupasuka na kurusha vipande. Valia miwani ya kinga, na siku za mwanzo washa ukiwa umeifunika saketi yote kwa kasha. Fyuzi haitaiokoa transista, kwa maana ni ya polepole mno. Kazi ya fyuzi ni kuizuia nyumba isiungue. Ile utakayoiweka upande wa DC iwe imeandikwa volti za DC, kwa sababu cheche ya DC haina sifuri ya kuzimikia kama ya AC na inaweza kuendelea kuwaka ndani ya fyuzi isiyofaa.

Na kuhusu hizo transista za kung'oa: huwezi kujua zilipitia joto gani. Mpya za sokoni nazo si za kuaminiwa kwa macho tu, kwani zipo zinazofutwa maandishi na kuchapwa mengine. Ningechukua moduli moja yenye IGBT zote sita pamoja na saketi zake za kuendesha mageti na za kujikinga. Hiyo peke yake inakuondolea nusu ya makosa niliyoyataja.

Jua Kali 240:

Naheshimu waliotangulia, lakini naona tunamtisha mwenzetu kupita kiasi. Mafundi wetu wanatengeneza mashine za kuchomelea za inveta kila siku kando ya barabara, na hizo nazo zina volti zile zile. Weka balbu ya kizamani ya wati 100, ile yenye waya unaong'aa, mfululizo na laivu. Kukiwa na hitilafu balbu itawaka badala ya transista kupasuka. Mimi nimefanya hivyo miaka yote na bado nina vidole kumi.

Fundi Viwandani:

Balbu ni mbinu nzuri na mimi pia naitumia, isipokuwa hapa inahitaji nyongeza moja. Balbu iliyoko upande wa soketi inapunguza umeme unaoingia kwenye kapasita, lakini haina mamlaka juu ya umeme ambao kapasita imeshaubeba. Transista mbili zikiwaka pamoja, zile juli 109 zinamwagika zote kabla balbu haijapata habari. Kwa hiyo katika majaribio ya kwanza ondoa kapasita kubwa kabisa, weka moja ndogo ya filamu ya mikrofaradi 20 ambayo kwa volti 340 hubeba juli moja na ushei tu, na uweke balbu ya pili kati ya kapasita na transista.

Kuhusu mafundi wa kando ya barabara, wengi wao wanarekebisha saketi ambayo mtu mwingine aliibuni, akaijaribu na kuipangia nafasi. Wewe unabuni kuanzia mwanzo. Kwa mfano, kile kibao cha mashimo chenye mistari ya shaba tunachokitumia kwenye redio kina nafasi isiyofika hata milimita 2 kati ya mstari na mstari, ilhali kati ya upande wa soketi na upande anaougusa mtu wabunifu huacha milimita 6 hadi 8. Ongeza hapo vumbi la chuma la lethi ndani ya kibanda cha mabati, na unyevu wa Julai. Kiwango cha kimataifa kinachoshughulikia usalama wa vidhibiti hivi ni IEC 61800-5-1, na sehemu kubwa yake inahusu mambo ya namna hii: nafasi, viambaza (yaani vihami vya umeme), joto, na nini kitokee kipande kimoja kinapoharibika.

Mkerezaji wa Kahawa West:

Nashukuru sana, wazee wangu, na wewe Bi. Koili. Suala la laptopu sikuwahi kuliwaza hata siku moja, na nakiri kwamba nilikuwa nimepanga kuiacha ikiwa imechomekwa wakati wote ili nione takwimu kwenye skrini.

Nina maswali mawili. Je, nikitumia transfoma ya kutenganisha, sitakuwa nimelimaliza tatizo la laivu na ethi? Na ile swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, haitaniokoa nikigusa?

Fundi Viwandani:

Transfoma ya kutenganisha inasaidia, kwa kuwa ukigusa waya mmoja pekee huku umesimama chini, mkondo hauna njia ya kurudia. Ukigusa nyaya mbili, chanya kwa mkono mmoja na hasi kwa mwingine, transfoma haikujui. Na mara tu unapobana osiloskopu yenye ethi mahali popote katika saketi, umeiunganisha saketi na ardhi tena, na ule utengano ulioununua umetoweka, hata kama safari hii hapakuwa na mlipuko wa kukujulisha.

Swichi ya miliampea 30 hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ukijiweka kati ya laivu na nyutro, au kati ya ncha mbili za kapasita, inakuona kama mota nyingine tu. Baada ya transfoma ya kutenganisha haioni chochote. Zaidi ya hayo, swichi za kawaida zimeundwa kwa AC, na DC inayovuja kutoka saketi ya namna hii inaweza kuzipofusha. Zile zinazoihisi DC laini ni za aina B, nazo si rahisi kuzipata wala si za bei ya mchezo. Iweke, kwa sababu ya kebo na fremu ya mashine. Usiihesabu kuwa ulinzi wa mikono yako ndani ya saketi. Kwa hilo kuna desturi ya zamani ya kuweka mkono mmoja mfukoni unapopima, na kutofanya kazi hii peke yako wala ukiwa umechoka. Mtu unayefanya naye aelekezwe mapema mahali swichi kuu ilipo, na kwamba asikushike kabla ya kuizima.

Mkufunzi wa Karakana:

Mmeizungumzia inveta sana mkaisahau lethi. Nafundisha kazi za chuma, na ninaiona hatari nyingine inayongoja upande wa pili wa kebo.

Mota inapoamriwa kupunguza mwendo haraka hugeuka jenereta, na nguvu ya chuma kinachozunguka hurudi katika kapasita. Chukua kile kishikio cha kubania kazi, tuseme kina kilo 10 na kipenyo cha sentimita 20, kinazunguka mara 1,500 kwa dakika. Nguvu yake ya mwendo inakaribia juli 617. Hata nusu yake ikipotea katika msuguano na joto la mota, nusu inayobaki inatosha kuzipandisha kapasita zako kutoka volti 340 hadi kupita 660, nazo zimeandikwa 400. Kapasita ya aina hiyo ikizidiwa hupasua kifuniko chake na kutapika maji ya kemikali yenye moto. Hata bila breki, Kenya Power wakipandisha volti kwa asilimia 10 hadi 264, kilele kinafika 373, na umebakiwa na volti 27 tu za akiba. Inveta za kiwandani za daraja hili hujizima upande wa DC unapofika takribani volti 400, na zenye kazi nzito huwa na rezista kubwa ya kuchoma nguvu ya breki. Yako lazima iwe na vyote viwili, na kapasita ziwe za volti 450.

Kisha itazame spindo ya lethi yako. Lethi nyingi za zamani hushikilia kishikio kwa hesi, na mashine ikifunga breki ghafla au ikirudishwa nyuma kwa nguvu, kishikio hujifungua na kuondoka kikiwa bado kinazunguka. Mota iliyozimwa kwa swichi ya kawaida hupungua taratibu, lakini inveta inaweza kuisimamisha kwa sekunde moja ukiiambia hivyo. Namba moja uliyoiandika bila kufikiri katika msimbo inaweza kukuletea kilo 10 za chuma kifuani.

Na mwisho kuna hili letu la umeme kupotea na kurudi, au tokeni kuisha katikati ya kazi. Unangoja, unachoka, unaingiza mkono kusafisha vinyweleo vya chuma, na umeme unarudi. Inveta isiyofundishwa kukaa kimya hadi ibonyezwe upya itaanza kuzungusha. Kitufe chekundu cha dharura nacho kisipitie programu. Kikate amri za mageti kwa maunzi, kwa sababu siku utakayokihitaji huenda ndiyo siku programu imekwama.

Bi. Koili:

Nyongeza fupi kuhusu nyumba. Kidhibiti cha kilowati 2.2 kinacholishwa kwa fezi moja huvuta mkondo unaokaribia au kupita ampea 20, kwa sababu kapasita hujaa kwa vipande vifupi vya juu badala ya kuvuta sawasawa. Plagi yetu ni ya ampea 13. Usiibadilishe fyuzi ya plagi kwa msumari, kama nilivyokwisha kuona. Unahitaji waya wake maalumu kutoka kwenye bodi, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Mwenye nyumba naye aambiwe, maana moto hauulizi mpangaji ni nani. Mwambie fundi huyo apime ethi kwanza. Katika nyumba nyingi za kupanga nilizoingia, tundu la tatu la soketi lipo lakini nyuma yake hakuna waya, au upo na hauendi popote.

Mkerezaji wa Kahawa West:

Nimewasoma wote mara mbili, na nimezungumza tena na rafiki yangu, ambaye safari hii tulielewana. Nimetambua kwamba nilikuwa na haja mbili nilizozifunga katika furushi moja, yaani kuifanya lethi izunguke na kujifunza namna inveta inavyofanya kazi, na kwamba haja ya kwanza ilikuwa ikiniharakisha katika ya pili. Lethi nitainunulia inveta ya dukani, ambayo nitaifungia ndani ya kasha la chuma mbali na vumbi. Hizi IGBT nitaziweka kando. Naomba mnishauri juu ya mambo mawili ya mwisho: nijifunze kwa volti ngapi, na je, mota hii iliyoandikwa 240/415 niziunganishe koili zake kwa mtindo wa nyota au wa pembetatu?

Fundi Viwandani:

Jifunze kwa volti 24 hadi 48 kutoka chanzo cha mezani kinachozuia mkondo, ukianzia ampea 2. Usitumie betri ya lithiamu ya pikipiki ya umeme eti kwa kuwa volti zake ni chache; betri hiyo ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea na inaweza kuyeyusha spana. Na wala huhitaji mota nyingine. Mota yako ikifungwa kwa volti 240 na hezi 50 inataka karibu volti 4.8 kwa kila hezi, kwa hiyo volti 48 za DC, ambazo zinakupa kama 34 za AC, zinatosha kuizungusha polepole kwa hezi 7 ikiwa haina mzigo. Katika hali hiyo utaona kila kitu ninachokiona mimi kiwandani: mapigo, muda wa kusubiri, umbo la mkondo, hata volti za DC zikipanda unapofunga breki. Unaweza kukosea mara ishirini kwa siku na kilichopotea ni transista ya bei ndogo. Hapo osiloskopu yako ya kawaida inatosha pia, ilimradi uhakikishe kwa mita kwamba chanzo hicho hakijaunganishwa na ethi. Wapo waliochapisha michoro na programu zao bure kwa kazi ya daraja hili, kama Benjamin Vedder wa Uswidi na kidhibiti chake cha VESC. Kimekusudiwa mota za sumaku, lakini jinsi kilivyopanga kinga zake inafaa kusomwa na mtu yeyote.

Bi. Koili:

Kuhusu mota, ifunge pembetatu. Inveta inayokula fezi moja ya 240 inatoa fezi tatu za 240, si 415. Ukiiacha nyota itakuwa dhaifu na utadhani umeuziwa inveta mbovu. Fungua kisanduku cha mota uhesabu nati. Zikiwa sita, vipande vya shaba vinavyounganisha nati tatu za mstari mmoja kwa mlalo ndiyo nyota. Viondoe uvipange vitatu kwa wima, kila kimoja kikiunganisha nati ya juu na iliyo chini yake. Ukikuta ni tatu pekee, niletee, kwa sababu nyota imefungwa ndani ya koili na itabidi tuitafute.

Kabla ya yote, tafuta mwenye mita ya kupima viambaza aipige mota hiyo kwa volti 500 kati ya koili na bodi. Ikisoma chini ya mega-omu moja, usiiunganishe na chochote. Iweke kwenye joto la wastani siku mbili, kisha ipimwe tena. Na kebo kutoka inveta hadi mota iwe fupi, yenye ngao ya waya iliyofungwa ethi, kwa sababu mota ya umri huo haikusukwa kwa ajili ya mapigo ya inveta na kebo ndefu huyazidisha makali yanapofika kwenye koili.